Ukikosa Kichupa, Umekosa Dawa

Tone moja la iodi lilitosha. Benoît, muuguzi wa dispanseri ya Kadutu, alilidondosha kwenye kisahani, juu ya maji meupe aliyoyavuta kutoka kichupa cha penisilini, na maji yakageuka buluu, buluu nzito ya kukaribia weusi. Akadondosha lingine kwenye kisahani cha pili, chenye penisilini yake mwenyewe aliyoitoa kabatini. Hiyo ikawa na rangi ya chai tu.

"Unga ya muhogo, papa Ignace," alisema. "Ile ya bugali."

Sajini Ignace Cirhuza wa polisi ya mji wa Bukavu alikitazama kile kisahani cha buluu mpaka Benoît akakohoa. Muhogo! Watu wanaumwa kifua, wanatetemeka kwa homa, na mtu amekaa mahali fulani anawachotea unga wa chakula cha jioni. Ignace aliuliza ilikuwaje mdungaji asione. Benoît akamweleza kwamba penisilini ya siku zile, hata iliyo nzuri kabisa, ukiitikisa na maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Kwa macho huwezi kujua. Unga laini uliochekechwa vizuri unapita mbele ya daktari na mbele ya askofu.

Kichupa kilikuwa kimoja kati ya viwili vilivyotoka chini ya kitanda cha marehemu Déogratias, fundi wa kujenga, mtu wa mabega mapana aliyekufa Ijumaa baada ya sindano nne. Mke wake ndiye aliyekuja polisi. Hakulia. Aliuliza tu ni dawa gani inayoacha jipu kila inapoingia na homa inabaki pale pale. Komisari, mzungu aliyekuwa na mambo yake mengi mwezi ule wa sita wa 1957, alimsukumia Ignace faili na kurudi kwenye mambo yake.

Na Ignace alikuwa tayari na mtu ndani. Asubuhi ile ile ya Jumatano, kabla jua halijapanda vizuri, alikuwa amemkamata Gaston, muuguzi mstaafu aliyekuwa akidunga watu sindano uani kwake. Ndiye aliyemdunga Déogratias. Na nyumbani kwake kulikutwa nusu gunia la unga wa muhogo, jambo ambalo alfajiri lilionekana dogo, na sasa, baada ya kile kisahani, likawa kubwa. Lakini hebu tuseme ukweli, nani Bukavu nzima hana unga wa muhogo nyumbani? Polisi akishachoka huona mwizi hata ndani ya sufuria.

Ignace alirudi kituoni akamkalisha mzee Gaston kwenye benchi na kumwekea kichupa mbele yake. Akamwambia habari ya iodi. Gaston alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, na hakuapa kwa Mungu wala kwa mama yake kama wanavyofanya wengine.

"Papa, mimi nikitaka kuiba, napiga maji," alisema. "Maji ni ya bure, na haizibe shindano. Hii dawa iliziba shindano yangu mara mbili kwa Déogratias. Mutu wa kuweka unga ni mutu hajashika shindano hata siku moja."

Ignace aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kisha akaweka kalamu chini. Mzee alikuwa na akili kuliko faili. Aliyetia unga hakujua kwamba unga huziba sindano, kwa hiyo hakuwa muuguzi. Alikuwa muuzaji, mtu aliyeuza kichupa kikiwa kimefungwa na kuondoka zake. Gaston alisema wagonjwa walikuja na vichupa vyao mkononi, wamenunua huko huko wanakojua wenyewe, na yeye hakuuliza. Kazi yake ilikuwa kudunga.

"Na wengine?" Ignace aliuliza. "Baada ya Déogratias, ni nani mwingine amekuja na sindano ikaziba?"

Hapo mzee alitazama mikono yake, ya kwanza halafu ya pili.

"Iko mutoto moja," alisema mwishowe. "Mwanamuke, labda miaka sita. Baba yake alimuleta jana saa kumi. Anapumua mbio mbio, pua inacheza. Nilipiga nusu ya kachupa. Nusu ingine ni ya leo, saa kumi."

"Sindano iliziba?"

"Iliziba. Nikabadilisha, nikapiga."

Jina la baba hakulijua. Alijua tu kwamba ametoka huko Cimpunda, sehemu ya juu ya Kadutu, na alikuwa amevaa koti la kazi ya barabara. Ignace aliita askari mmoja, akamtuma akakae uani kwa Gaston mpaka saa kumi, awashike baba na mtoto wakitokea na kuwapeleka moja kwa moja hospitali. Hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini ilikuwa saa tatu tu asubuhi, na mtoto wa kifua hangoji saa kumi. Tangu jana alikuwa amelala na muhogo mwilini mwake badala ya dawa, na kila saa iliyopita ilikuwa ya ugonjwa. Kwenda Cimpunda kuuliza nani ana mtoto anayekohoa kungekuwa kazi bure. Kiangazi, vumbi, baridi ya asubuhi, nusu ya watoto wa Cimpunda walikuwa wakikohoa. Ilibidi ampate muuzaji, kwani muuzaji alijua amemuuzia nani.

Alikipeleka kichupa dirishani. Karatasi yake ilikuwa ya kweli, kioo cha kweli, kila kitu cha kweli isipokuwa kile kilichokuwa ndani. Akakigeuza, akahesabu matundu kwenye mpira wa juu. Gaston alichoma kila kichupa mara mbili, siku mbili, hivyo pamoja na tundu la Benoît yalipaswa kuwa matatu. Yalikuwa matano. Kwa hiyo kichupa hiki kilikuwa na maisha kabla ya haya. Kiliwahi kuwa na dawa halali, kikamponya mtu fulani, kikakaa mahali, kisha kikafufuliwa. Kile kifuniko chembamba cha bati kilikuwa kimekunjwa upya kuzunguka shingo, na kukunjwa kwenyewe kulikuwa kwa ustadi, alama ndogo ndogo za koleo zimepangwa sawasawa. Katika kila safu ya alama, ya pili kutoka kushoto haikuwepo. Koleo lenyewe lilikuwa na jino pungufu.

Halafu akakinusa. Ndani hakikunuka kitu, kilikuwa kimeoshwa. Lakini ile karatasi ya nje, iliyoshikwa na vidole miezi mingi, ilikuwa na harufu kali iliyompanda puani mpaka machozi yakamtoka. Tumbaku ya kunusa.

Ignace aliijua tumbaku ile. Mama yake mwenyewe aliinusa mpaka kufa kwake, na mtu wa kuisaga vizuri Kadutu nzima alikuwa mmoja, maman Eulalie, mjane wa Cimpunda. Alipanda kilima karibu mbio.

Maman Eulalie alimpokea kwa heshima zote, akamfutia kiti, akauliza habari za mke na watoto mmoja mmoja. Ukienda kwa bibi wa kabila la Bashi na haraka yako, utaiacha mlangoni. Ignace alijibu, akauliza na yeye, na huku macho yake yakizunguka chumba. Chini ya picha ya Bikira Maria kulikuwa na ubao mrefu, na juu ya ubao vichupa vya penisilini vimepangwa mstari, vinang'aa, vingine vina tumbaku, vingine chumvi, vingine vitupu. Bibi aliona anavyovitazama akafurahi. Akaanza kumwonyesha. Hiki cha goti lake la kushoto. Hiki cha mjukuu alipokuwa na jipu sikioni. Hivi viwili vya marehemu mume wake, Mungu amrehemu, na dawa ilikuwa nzuri, siku zake tu ndizo zilikuwa zimetimia. Magonjwa yote ya nyumba ile yalikuwa yamesimama pale.

Ignace aliuliza kwa nini anavitunza hivyo.

Bibi alishangaa kabisa. "Papa, ni wewe njo ulituambia."

Na ni kweli, ni yeye aliyewaambia. Miaka mitatu nyuma, muuguzi mmoja alikuwa akiiba penisilini na kuwadunga watu maji, na Ignace ndiye aliyemkamata. Kesi ile ndiyo iliyompa cheo chake. Baada ya hukumu, Jumapili moja misa ilipotoka, alisimama mbele ya kanisa la Kadutu, umati mzima ukimsikiliza, akawafundisha namna ya kujilinda. Usikubali kudungwa kitu usichokiona. Dai kichupa chako, kiangalie kikifunguliwa, nenda nacho nyumbani. Akawapa na maneno ya kushika kichwani, kwa sababu alijua watu hushika maneno mafupi: ukikosa kichupa, umekosa dawa. Walimpigia makofi. Tangu siku ile hapakuwa na mwanamke wa Kadutu aliyetoka kudungwa bila kichupa ndani ya kitambaa chake, na kukiweka nyumbani mahali pa kuonekana, ili jirani akija aone kwamba katika nyumba hii watu wanatibiwa kweli.

Kilima kizima kilikuwa kimejaa vichupa halali, na karatasi halali, vinangoja mtu wa kuvijaza. Aibu ilimpanda Ignace toka kifuani mpaka masikioni.

Aliuliza kama bibi amewahi kumpa mtu vichupa vyake. Ndiyo, saba, mwezi uliopita, kwa mche wa sabuni. Aliviosha kwanza, kwani si vizuri kumpa mtu kitu kichafu. Ni Modeste, yule fundi wa saa anayekaa barazani karibu na soko la Nyawera. Alisema anataka tuchupa twa kuwekea tumisumari twa saa.

"Nilifanya mubaya?" bibi aliuliza.

"Hapana, maman. Wewe hukufanya mubaya," Ignace alisema, na akashuka.

Modeste alikuwa amekaa kwenye meza yake ndogo na kioo jichoni, saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. Alikuwa kijana msafi, mpole wa maneno, wa kumsalimu kila mpita njia. Ignace hakumsalimu. Alichukua koleo dogo kutoka mezani, akatoa karatasi ya kung'aa ndani ya pakiti yake ya sigara, akaibana mara moja. Akaiweka kando ya kichupa. Alama zilifanana, na ya pili kutoka kushoto haikuwepo.

Fundi alitoa kioo jichoni taratibu. Za mwizi arobaini, wanasema, na huyu hata kumi hakufika. Alianza kujieleza kwa sauti ya chini, kwamba mambo yalikuwa magumu, kwamba watu hupona wenyewe wakiamini, kwamba yeye hakumchoma mtu sindano hata mmoja. Ignace alimkata.

"Utasema hayo mbele ya mahakama. Umeuza vingapi?"

"Tatu."

"Na vinne?"

Vilikuwa chini ya meza, ndani ya kopo, vimefungwa tayari.

"Viwili ni vya Déogratias, na amekufa," Ignace alisema. "Cha tatu ulimpa nani?"

Modeste aliposikia neno lile, amekufa, midomo yake ilikauka. Pengine hakuwa amejua. Alijibu upesi. Ni Gérard, wa kazi ya barabara, mjane, ana binti mmoja anaitwa Monique. Anakaa Cimpunda, juu ya chemchemi, nyumba yenye mlango wa kijani. Ignace alimkabidhi fundi na kopo lake kwa polisi wa soko, akapanda tena kilima kile kile alichokuwa ameteremka. Alipokuwa kwa maman Eulalie, chemchemi ilikuwa nyuma tu ya nyumba. Alikuwa amekaa hatua mia mbili kutoka kwa mtoto, akisimuliwa habari za goti.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Gérard alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, akimpepea mtoto kwa kofia yake. Monique alikuwa macho, midomo ya rangi ya majivu, mbavu zikipanda na kushuka haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Kichupa kilikuwa juu ya kigoda, kimefunikwa kwa kitambaa safi, kikingoja saa kumi.

Ignace alijitaja. Akasema dawa ile ni ya uongo, ni unga, mtoto aende hospitali sasa hivi, yeye mwenyewe atambeba. Gérard alisimama mbele ya mkeka. Hakuwa na ukali, alikuwa na hofu.

"Lopitali hapana, papa. Kule banapiga maji."

"Nani amekuambia?"

"Niliona na macho yangu. Nilimupeleka Jumatatu. Masera alivuta dawa mu chupa moja kubwa, akapiga batoto mustari muzima. Nikamuomba kachupa ya mutoto wangu. Akasema huku hakuna kachupa, chupa ni moja ya batu bote. Nikaona, ah, ni yale yale. Jumanne asubuhi nikamutoa, nikauzisha koti yangu ya mvua, nikatafuta dawa iko na kachupa yake." Alimtazama Ignace usoni, na polepole akamtambua. "Si ni wewe ulisemaka kwa kanisa?"

Ignace alijua habari ya chupa kubwa. Kila polisi na kila muuguzi aliijua. Hospitali ilikuwa imezianza mwaka uliopita, chupa za watu kumi, dawa ya bure, halali, kutoka Ulaya. Ila hakuwa amefikiria kurudi mbele ya kanisa na kuwaambia watu. Jumatatu mtoto huyu alikuwa amedungwa dawa ya kweli. Alilala hospitalini usiku mmoja nayo mwilini, na baba yake akamtoa kwa upendo, kwa akili, kwa kufuata ushauri wa polisi.

"Ni mimi," Ignace alisema. "Na nilikosea. Ile ya lopitali njo dawa. Hii yako njo unga. Tafadhali, papa Gérard, niachilie nimubebe."

Gérard alisita. Kwake polisi huyu mmoja alikuwa na maneno mawili, na hakujua ashike lipi. Halafu Monique akakohoa, kikohozi kisicho na nguvu, na baba akasogea pembeni. Ignace alimfunga mgongoni kwa blanketi kama wanavyobebwa watoto, akateremka naye akimsikia anavyopumua shingoni mwake, moto wa homa ukipenya shati. Gérard alifuata nyuma, kichupa mkononi. Hakuwa amekiacha.

Walifika saa sita kasoro. Masera, yule mtawa muuguzi, alimdunga pale pale, kutoka chupa kubwa, na Gérard safari hii hakuomba kitu. Daktari alipomaliza kumpima alimwita Ignace kando. Alisema kama mtoto angeendelea na sindano za Jumatatu, leo angekuwa ameketi kitandani anaomba uji. Alisema hivyo bila kumlaumu mtu. Hakujua alikuwa akizungumza na nani.

Monique alikufa Alhamisi saa nne asubuhi.

Komisari aliridhika na kazi. Mhalifu yuko ndani, vichupa vinne vimekamatwa, siku moja tu. Aliuliza kwenye taarifa fundi alivipata wapi vile vichupa, na Ignace akaandika: kwa watu wa Kadutu, waliovitunza kwa agizo langu. Komisari alisoma, akatabasamu, akalifuta neno "langu" kwa kalamu nyekundu akaweka "la polisi". Ignace hakubishana. Jumamosi alikwenda kwa Benoît, wakakubaliana kwamba kuanzia sasa kila kichupa kitavunjwa kwa jiwe mbele ya mgonjwa mwenyewe, na kwamba Jumapili atasimama tena mbele ya kanisa na kusema habari ya chupa kubwa, watu wampigie makofi au wamzomee. Majuto ni mjukuu, na wa Ignace alikuwa amekuja akiwa na jina na miaka sita.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na maziko, Ijumaa, kwenye makaburi ya upande wa juu, upepo ukivuma vumbi. Watu walikuwa wachache, wengi wa kazi ya barabara. Ignace alisimama nyuma, kofia mkononi, akingoja kutukanwa. Angepigwa kofi angeshukuru. Walipomaliza kufukia, Gérard alimwendea moja kwa moja, ameshika msalaba wa mbao mpya na kikopo cha rangi nyeusi, na burashi imewekwa juu.

"Aksanti ya kumubeba, papa," alisema.

Gérard akamnyooshea ule msalaba.

"Mimi sijui kuandika. Niandikie jina yake hapa. Andika muzuri, papa. Wewe, batu banakuaminia."

Ignace alipiga magoti kwenye udongo mbichi, akachovya burashi, akaanza na herufi ya kwanza.